Ulimi wa Mgeni

Hivi, uongo wa heshima nao ni uongo? Kule Kasulu baba mkubwa alinimiminia wanzuki, pombe ya asali, na asali yenyewe ya misitu ya miombo ya Kibondo. Akaonja yeye kwanza, nione hakuna sumu. Nami nikapiga funda. Loo! Iliwasha koo kama pilipili.

"Tamu sana, baba," nikasema, machozi yakinilengalenga. (Sisi wa Dar tumezoea bia ya chupa, bwana.)

Yeye hakunificha kitu kikombeni. Mimi nikamficha ulimi wangu. Utasema nilimstahi. Mbona basi aliponiuliza, "Na ule ukali je, hukuusikia?" nilitazama chini? Kumbe ukali ndio aliojivunia: mzinga wa gogo, juu mtini, msimu mzima akiusubiri.