Magogo ya umma na hima ya Sayyidna Umar

Kila mazingira yanapotajwa katika mihadhara yetu, hadithi inayotolewa ni ile ya kupanda mche hata kama Kiyama kimekaribia. Ni mafundisho mema, lakini yakiishia hapo, msikilizaji huondoka akidhani kuwa Uislamu una la kusema juu ya kupanda tu, na kwamba mwenye msumeno ni mkosaji kwa sababu ana msumeno. Sivyo. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametutiishia miti kama alivyotutiishia mifugo. Swali zito ni hili: mti uliosimama kwenye ardhi isiyo ya mtu mmoja, ukatwe kwa idhini ya nani, na kwa faida ya nani?

Wanaotetea uvunaji wana hoja ambayo sisi wa mjini hatupendi kuisikia. Misitu ya miombo ya kusini, kuanzia Rufiji hadi Kilwa na Lindi, haifi kwa kukatwa mti mmoja mmoja kwa mpango. Visiki vingi huchipua tena. Kinachoumaliza msitu ni kuufyeka wote ili kupanda ufuta, au kuuchoma mkaa, na mkaa huo tunaupikia sisi hapa Dar es Salaam. Kijiji kinachouza mbao zake kina sababu ya kuulinda msitu wake. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha kuvuna misitu yao kwa utaratibu unaokubalika. Huko mti ulikatwa na msitu ukabaki.

Lakini mpingo huchukua zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kuvunwa. Anayeukata leo anakata alichoachiwa na babu yake, na hatauona utakaofuata. Mvunaji naye huchagua mti mnene ulionyooka, ambao ndio mama wa mbegu. Njia ya lori ikishafunguka, mchoma mkaa hufuata, kisha jembe. Miti ya kingo za mito ikiondoka, udongo unaingia mtoni.

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magogo ya kusini yalipata njia rahisi ya kufika bandarini. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kuwa katika baadhi ya maeneo hadi asilimia 96 ya mapato ya misitu yaliyostahili kukusanywa yalipotea. Ilionyesha pia kuwa China iliandika kupokea kutoka Tanzania mbao mara 10 ya zile ambazo sisi tuliandika kuzipeleka huko. Tofauti hiyo ilikuwa dawa za zahanati na madawati ya watoto wa Rufiji na Kilwa. Khiyana katika mali ya umma ndiyo ghulul, na Suratul Aal Imran, aya ya 161, inaonya kuwa mwenye kuifanya atakuja na alichokichukua Siku ya Kiyama. Aje na gogo la mninga mabegani!

Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa na hima, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya umma. Imamu Bukhari amepokea kuwa alimwagiza msimamizi wake, Hunayy, awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awe macho na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hao ni masahaba waliobashiriwa Pepo, wala Umar hakuwatuhumu kwa wizi. Sababu yake ilikuwa kwamba tajiri akifiwa na mifugo ana mitende na mashamba ya kurejea, lakini maskini atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa. Sisi tulifanya kinyume. Kibali kilimfuata mwenye lori, na mwanakijiji akalipwa ujira wa kukata na kubeba.

Wapo watakaosema hayo ni ya serikali na wafanyabiashara. Hebu tuingie misikitini. Mlango wa mninga na mimbari ya mpingo ni fahari ya kamati nyingi za ujenzi. Mafakihi wamejadili sala kwenye ardhi iliyoporwa: jamhuri wanasema inasihi pamoja na dhambi, na kauli mashuhuri ya Mahanbali ni kuwa haisihi. Sisemi mlango una hukumu ileile. Nasema wanazuoni waliouliza kwa makini hivyo juu ya ardhi wasingeona ajabu kumuuliza seremala wa Keko mbao zake zimetoka msitu gani, na iko wapi hati ya kuzisafirisha.

Mbao zenye hati huenda zikawa ghali, na kamati itasema michango haitoshi. Basi wanunue paini ya Sao Hill au mtiki wa mashamba ya kupandwa. Mlango wake unafunga vilevile.