Hukumu ya Nondo

Katika Surat al-Qaria, watu wa Siku ya Kiyama wamefananishwa na nondo waliotawanyika, na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ajifananisha na mtu aliyewasha moto, nondo wakawa wanaporomoka ndani yake naye akiwazuia. Masufi nao, tangu Mansur al-Hallaj aliyeuawa Baghdad mwaka 922, wakamwona nondo kuwa ni aashiki aungulaye katika nuru aipendayo. Hivyo kiumbe mmoja amekuwa mara mfano wa aliyeghafilika, mara mfano wa mwenye mahaba. Lakini hadithi yenyewe, ukiisoma kwa utulivu, haina lawama, ila huruma ya yule azuiaye.

Mtazame nondo barazani, taa ikiwa imewekwa chini: haendi kwenye mwanga moja kwa moja, bali huuzunguka kwa ubavu, mgongo ameuelekeza kwenye taa, na akipita juu yake hupinduka kichwangomba akaanguka. Wataalamu waliotangaza utafiti wao mwaka 2024 wameeleza sababu yake, nayo ni kwamba wadudu warukao huupa mgongo upande ulio na mwanga, kwani tangu kuumbwa kwao mwanga ulitoka mbinguni, na kwa alama hiyo wakajua juu ni wapi. Kereng'ende naye ana tabia hiyo.

Basi nondo si mjinga wala si aashiki. Ni mtiifu, aliyeishika amana aliyopewa hata ikamwangamiza, kwa kuwa mtu ameweka mbingu ya uongo chini ya miguu yake. Mwanadamu, kweli, amepewa akili ya kuuliza mwanga watoka wapi, na kwa hiyo hana udhuru kamili. Lakini wengi tunaowaita wapotovu waliifuata kwa ikhlasi alama waliyofunzwa utotoni, na sioni insafu kuwahesabia wao dhambi yote kabla ya kumwita mwenye taa, awe mwalimu, shehe au mtawala, ajieleze kwanza.