Haya ya Ridhaa, Haya ya Kuchoka

Tuchukulie mzee wa Stanmore, mzaliwa wa Unguja, anayemdai aliyekuwa mshirika wake wa duka pauni 4,000. Tangu Mei 22, 2024, madai ya fedha ya namna hii, yasiyozidi pauni 10,000, hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi wa simu ulio chini ya mahakama: saa moja, bila malipo, msuluhishi akisema na kila upande peke yake. Mzee hataisikia sauti ya mwenzake.

Je, hiyo ni suluhu, au ni kupatana bei tu? Siidharau bei, nusu ya deni leo yaweza kumfaa kuliko hukumu ya mwakani. Ila akiulizwa kama atapokea pungufu atajibu "haya", na mkalimani, kama yupo, atafasiri kwamba amekubali. Barazani tungemtazama uso kwanza. Ipo haya ya ridhaa na ipo ya kuchoka, na makubaliano yakishafungwa humbana kisheria vilevile.

Kenya, iliyoanza usuluhishi wa mahakamani Nairobi mwaka 2016, hutoa siku 60. Basi ninapotaka msuluhishi afundishwe kuuliza mara ya pili, mkalimani alipwe, na simu isikatwe saa ikitimia, siombi hisani. Nataka mzee aulizwe: "Umeridhika, au umechoka?"