Je, Yapasa Maktaba Kuazimana Vitabu?

Ametuandikia ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kazi imempeleka kukaa Kiuu, katika Ruiru, mpakani mwa kaunti ya Kiambu na Nairobi. Asema alikwenda maktaba kutafuta kitabu cha mirathi kwa ajili ya masomo yake, asikipate. Akaambiwa kwamba kipo katika maktaba ya mji mwingine, lakini vitabu vya huko havitoki. Akikitaka na apande gari akakisome huko huko. Atuuliza: je, mwenye kukizuia kitabu namna hii amelinda amana, au amefanya ubahili?

Twaona kwamba swali hili ni kubwa kuliko kitabu kimoja, na halimhusu mtu wa Kiuu peke yake. Sisi wa pwani nasi twaweza kuliuliza.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Tangu mwaka 1948 East African Literature Bureau ilikuwa ikipeleka masanduku ya vitabu mahali pasipo na maktaba, na vingine ikivituma kwa posta mpaka kwa msomaji. Kisha Kenya ikatunga sheria ya Huduma ya Maktaba ya Taifa mwaka 1965, na kazi ikaanza 1967. Maktaba ya Thika na ya mji mwingine wo wote chini ya Huduma hiyo zikawa kama vyumba vya nyumba moja. Mtu akitoa kitu chumba hiki akakitia chumba kile hakuazima, amehamisha tu. Hata Garissa, tangu 1996, ngamia wametwikwa vitabu kuwapelekea watu wa vijijini.

Lakini Katiba ya 2010 imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Jambo hili lina kheri yake, kwani mwenye mji ajua haja za mji wake. Ila nyumba iliyokuwa moja yaelekea kuwa nyumba nyingi, kila moja na mwenyewe. Mtu wa Kiuu yu katika Kiambu, na hatua chache tu yaanza Nairobi, ambako maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ni ya kaunti nyingine. Kwa hivyo kuazimana kwa maktaba, ambako jana kulikuwa ni kuhamisha, leo kwawa ni kuazima khasa; na kuazima kuna hukumu zake.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamelieleza jambo hili vizuri. Mwenye kuazima ni mdhamini: kitu kikipotea mkononi mwake atakilipa, hata kama hakuzembea, ila kilichochakaa kwa matumizi aliyoruhusiwa. Wala hana ruhusa ya kumwazima mtu wa tatu pasi na idhini ya mwenyewe. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alipoazima deraye za Safwan kwa vita vya Hunayn, aliahidi dhamana waziwazi.

Tukizipima maktaba kwa mizani hii, njia yaonekana. Mwenye kuazima si yule kijana wa Kiuu. Ni maktaba iliyo karibu naye. Hiyo ndiyo mdhamini kwa maktaba yenye kitabu, na kijana ni mdhamini kwayo. Idhini ya kumpa kijana na iandikwe tangu mwanzo katika mapatano ya kaunti na kaunti, pamoja na muda, gharama ya kukisafirisha, na malipo kikipotea. Tena ziwepo orodha za vitabu zilizo wazi kwa kila maktaba, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Nani ataomba kitabu asichojua kiliko?

Atasema mlinzi wa maktaba: "Kitabu si changu, kikipotea nitaulizwa mimi." Kweli, na hatumlaumu kwa khofu yake. Lakini na ajiulize pia: kitabu hiki kilinunuliwa kwa fedha za watu ili kifanye nini? Amana ya kitabu si karatasi yake tu. Ni kusomwa kwake. Kitabu kilichokaa rafuni miaka kumi, na mwenye haja nacho yupo, kimelindwa nusu na kimepotezwa nusu. Na Kurani imewaonya wanaowanyima watu vyombo vidogo vidogo vya kuazimana. Atakayekataa kuazima sufuria twamwita bahili. Na mwenye kuzuia elimu tumwiteje?

Yaqut al-Hamawi alipokaa Merv, maktaba za mji ule zilimwachia vitabu kwenda navyo nyumbani, mara nyingine zaidi ya mia mbili kwa pamoja, na vingi bila rehani. Aliondoka mwaka 616 wa Hijra, yaani 1219. Mwaka 1221 Wamongolia wakaja wakauharibu mji. Alichokisoma kikabaki katika kitabu chake kikubwa cha habari za miji. Basi kufuli silo lililookoa elimu ile.

Limebaki la vitabu vya kompyuta. Watu hudhani kwamba hivi vitamaliza shida, kwa kuwa havihitaji gari wala posta. Lakini kitabu cha karatasi maktaba hukinunua, kikawa chake. Cha kompyuta, mara nyingi, hukikodi tu kwa masharti, na mojawapo laweza kuwa kutokuazima. Marekani, mwaka 2024, mahakama ya rufaa iliamua kwamba Internet Archive haikuwa na haki ya kukopesha nakala ilizozipiga yenyewe kutoka vitabu vya karatasi. Masharti hushika. Kwa hivyo wakubwa wa maktaba na waulize kabla ya kutia sahihi: je, twaweza kumwazima jirani?

Kwa ndugu yetu wa Kiuu jawabu letu ni hili: aliyekataa kwa kuwa hana mapatano ana udhuru, lakini wanaoweza kuyafanya mapatano hayo wakanyamaza hawana. Na wewe ukikipata kitabu, kirudishe kwa siku yake, kisafi; kwani kila kinachocheleweshwa humfungia mlango atakayekuja nyuma yako.