Wema wa Mnyoo

Sisi tuliokulia kandokando ya Ziwa Victoria hatuhitaji kufundishwa ubaya wa kichocho. Tumewaona watoto waliokonda, matumbo yamewavimba, wanapata choo chenye damu. Basi niliposoma kwamba mnyoo huyo huyo aweza kukinga kisukari, nilijiona kama mtu aliyeambiwa kuwa mwizi wa kijiji ndiye aliyekuwa akimlindia nyumba usiku.

Habari yenyewe ni hii. Katika kisukari kinachowashika zaidi watoto na vijana, askari wa mwili huigeukia kongosho na kuziua chembe zinazotengeneza insulini. Mwaka 1999 Anne Cooke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba panya wa ukoo unaopatwa na ugonjwa huo, walipoambukizwa kichocho mapema, walisalimika. Mwaka 2003 ikaonekana kwamba hata mnyoo mzima hahitajiki: panya wadogo walidungwa vitu vilivyotolewa katika minyoo na mayai yake, wakakingika. Mnyoo ana sababu zake. Ili aishi miaka mingi ndani ya mishipa ya damu bila kufukuzwa, huwatuliza askari wa mwenyeji wake. (Panya si mtu, lakini, na kukinga si kuponya.)

Je, tumshukuru? Nimewahi kusikia mtu akisema, nusu kwa mzaha, kwamba kumbe maskini ana bahati yake. Maneno hayo yaliniudhi. Mtoto wa Ukerewe hakuombwa ridhaa, na faida inayolipwa kwa ini lililoharibika siwezi kuiita bahati. Apewe vidonge vyake vya prazikwanteli, mnyoo afe. Kama ana siri ya kufaa watu, siri hiyo na itafutwe maabara, si tumboni mwa mtoto.

Lakini hata hapo moyo wangu hautulii. Tuseme dawa hiyo ipatikane. Itafika kwanza Finland, ambako kisukari hiki kimeenea kuliko nchi nyingine zote, na hilo silioneshi kijicho. Mtoto wa kule naye ni mtoto. Ila insulini ilianza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1922, na mpaka leo kijana wa jirani yangu huhesabu matone. Hana jokofu. Chupa yake huihifadhi ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, na kila asubuhi mama yake huingiza mkono kupima kama bado mna ubaridi.