Medali ya binti aliyelishwa vidonge bila kujua

MWAKA 1980 Watanzania tulitazama Moscow kwa sababu ya Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, waliotuletea medali mbili za fedha za Olimpiki, ambazo mpaka leo hazijapata ya tatu. Wazee wa mtaani kwetu bado wanazisimulia. Lakini katika bwawa la michezo hiyo hiyo alikuwapo binti wa miaka 15 ambaye habari zake zimenishughulisha kwa wiki kadhaa, tangu nilipozitaja darasani na wanafunzi wangu wakanigeuzia swali.

Jina lake ni Rica Reinisch, wa Ujerumani Mashariki, dola ambayo sasa haipo. Fani yake ilikuwa kuogelea chali, mtindo ambao mtu huogelea uso juu, hauoni ukuta anaouendea. Alishinda mita 100 na mita 200, akashinda tena na wenzake katika mbio za kupokezana. Dhahabu tatu, na rekodi za dunia juu yake. Katika mbio zile mbili za mtu mmoja mmoja, medali zote tatu zilikwenda kwa mabinti wa nchi yake. Aliyekuwa wa nne akarudi kwao mikono mitupu.

Yaliyokuwa nyuma ya pazia yalikuja kujulikana sawasawa baada ya ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989 na nyaraka za siri kupatikana. Serikali ile ilikuwa na mpango rasmi, uliopitishwa mwaka 1974, wa kuwapa wanamichezo homoni za kiume. Vidonge vidogo vya rangi ya buluu, vilivyotengenezwa na kiwanda cha dawa cha serikali, vilitoka mikononi mwa makocha na madaktari. Watoto waliambiwa ni vitamini. Wazazi hawakuulizwa. Reinisch alianza kupewa akiwa na miaka kama 14 na kocha wake mwenyewe, mtu aliyemwamini. Mwaka 1982 vifuko vyake vya mayai ya uzazi vilikuwa vimeathirika, na mama yake akamtoa katika mchezo. Alistaafu katika umri ambao binti wa kwetu yuko kidato cha tatu.

Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi ile, kwa kushiriki kuwadhuru wanamichezo wa kike. Akapewa kifungo cha nje cha miezi 22. Hata siku moja hakulala gerezani kwa hukumu hiyo. Matokeo ya Moscow nayo hayakuguswa, medali zimebaki kwa waliovishwa.

Ndugu msomaji, wanafunzi wangu waligawanyika. Wapo waliosema azirudishe, kwa kuwa mali iliyopatikana kwa ghushi haiwi halali kwa sababu tu aliyenayo hakujua. Wengine wakasema binti yule hana dhambi, hakukusudia wala hakujua, na mwili ulioharibika ni wake, basi angalau medali abaki nazo. Niliona kila upande una hoja. Kuhusu dhambi sina shaka hata kidogo, mtoto hana. Na wa nne yule naye ana haki yake, msimsahau.

Lakini Reinisch mwenyewe, alipozungumza ukubwani, hakuiweka medali mbele. Wala hakuyaweka mbele maradhi. Alichokitaja kuwa usaliti mkubwa kuliko yote ni kwamba walimnyang'anya nafasi ya kujua kama angeweza kushinda bila vidonge vile.

Maneno hayo yalinikalisha kitako. Katika fiqhi tunafundisha kwamba aliyepora kitu cha mtu atakirudisha chenyewe. Kikiwa kimekwisha atarudisha mfano wake, na kama hakina mfano, thamani yake. Sasa hiki alichoporwa binti huyu kinarudishwaje? Chenyewe hakipo. Mfano wake haupo, maana hatakuwa tena na miaka 15. Thamani yake ataipima nani? Ujerumani ililipa fidia kwa baadhi ya walioathirika, na ni vyema, ila fedha ile ni ya mwili. Swali lake halikupata mlipaji.

Na hapa nikiri jambo, kwa sababu wanafunzi walinibana nalikiri. Nilipokuwa kidato cha nne, siku mbili kabla ya mtihani wa Kemia, mwalimu wetu wa twisheni alitupa karatasi ya maswali ya kujipima. Tuliyafanya usiku kucha kwa bidii, tukimwombea dua. Chumba cha mtihani nikayakuta mengi yake, na nikadhani ni ustadi wa mwalimu. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuo kikuu, ndipo nilipojua mtihani ule alikuwa ameununua. Nilikuwa nimesoma kweli, na labda ningefaulu. Neno hilo "labda" sijaweza kulitoa mpaka leo, na halipo kwenye cheti.

Mwaka juzi nilijifungia na mtihani wa Kemia wa zamani, nikaufanya kwa saa yangu mezani. Nilipata alama nzuri tu. Lakini aliyeufanya ni mtu mzima mwenye shahada, hakuwa yule kijana, na matokeo yake hayakuniambia chochote nilichotaka kujua.

Mwanafunzi mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Ustadh, yule mwalimu wa twisheni umemsamehe?" Nilimjibu kwamba karatasi nimemsamehe.