Mgonjwa wa Usiku Anamdai Nani?

Mwaka 1889 aliwasili Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kijana ambaye utotoni alitekwa na kuuzwa utumwani huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari wa Kardinali Lavigerie, kisha akasomeshwa udaktari Malta. Jina lake Adriano Atiman. Aliwatibu watu wa mwambao huo, ambao leo umo Mkoa wa Katavi, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Miaka 67! Anastahili kila sifa aliyopewa. Lakini kumbukumbu ya watu kama yeye huweza kutupotosha, tukadhani kwamba kuokoa roho ya mtu usiku wa manane ni kazi ya moyo mwema wa mtu mmoja, na kwamba muuguzi anayelalamika kuchoka amepungukiwa na wito.

Dini zenyewe hazisemi hivyo. Wahubiri hukaa sana na Msamaria mwema, wakampita haraka mwenye nyumba ya wageni. Ni huyu aliyebaki na majeruhi baada ya Msamaria kushika njia. Katika Injili ya Luka alipewa dinari mbili, na ahadi kwamba akitumia zaidi atalipwa. Huruma ile ilikuwa na hesabu yake, na aliyeachiwa mgonjwa hakuachiwa deni.

Upande wa Uislamu kuna fardhi kifaya: wajibu ambao wakiutimiza baadhi umewatoka wote, na usipotimizwa na yeyote, wote wenye uwezo wamepata dhambi. Wengi huujua kwa sala ya maiti. Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya, aliuhesabu utabibu humohumo, akalaumu miji iliyojaa wanafunzi wa fikihi huku ikikosa tabibu Mwislamu. Kwa hoja hiyo, mama akivuja damu Mishamo, hukohuko Katavi, na pakakosekana damu ya kumwongezea, lawama haiwezi kuishia kwa aliyekuwa zamu.

Hata Katiba ya Tanzania, ibara ya 14, inasema hifadhi ya uhai mtu anaipata kutoka katika jamii. Jamii nzima ndiyo inayotajwa pale.

Basi Katavi jamii hiyo ina ukubwa gani? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604. Ile ya 2022 ikakuta 1,152,958. Mkoa umeongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliona kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Uzazi wa umri huo huleta dharura: kifafa cha mimba, uchungu uliokwama. Ongeza bodaboda na mashimo ya dhahabu.

Watafiti wa huduma za dharura hupenda kupima mambo matatu: ubora, gharama na hali ya watumishi. Kitandani hayo ni jambo moja. Dawa haipo, ndugu anatumwa duka la nje, fedha haitoshi, mgonjwa anangoja, muuguzi anatazama. Mwaka 1984 mwanafalsafa Andrew Jameton aliandika juu ya mateso haya ya dhamiri: kujua lililo sahihi na kuzuiwa na mazingira ya kazi usilitende. Mwanasaikolojia Christina Maslach naye alishaonyesha kwamba anayechoshwa hivyo huanza kuwaona watu kama vitu. “Lugha chafu” tunayoilalamikia wodini mara nyingi imeanzia hapo. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilieleza uchovu huo kuwa tukio la mahali pa kazi.

Atasema mtu: aliye mbele ya mgonjwa hana ruhusa ya kungoja jamii. Kweli kabisa. Wajibu wake ni mzito zaidi kwa dakika ile, wala hauahirishwi. Ila kuutimiza kwake hakufuti deni la wengine, kama vile uuguzi wa mwenye nyumba haukumfutia Msamaria ahadi yake.

Hospitali ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura mwaka 2010, na fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zikajenga majengo ya dharura mikoani. Hatua hizo ni za kushukuru, ingawa jengo halikeshi zamu. Mfano ulio karibu zaidi na dinari za Msamaria ni mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022: simu inapigwa 115 bure, na gari la wagonjwa likikosekana, dereva wa kijijini anambeba mama au mtoto mchanga naye analipwa. Hakuna anayemwambia dereva yule kwamba petroli ni sadaka yake.

Mpango huo unawahusu wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kijana aliyeangukiwa na kifusi machimboni bado anategemea ndugu wachangishane nauli. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Unapogawanywa, hesabu yake ianze na kijana huyo, kisha iwafikie wanaompokea saa nane za usiku: idadi yao katika zamu, posho yao, na usingizi wao wa kesho yake.